Safari ya Évora: Kwa Nini Twende, na Tujiandae Vipi

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, waalimu na wanafunzi katika mkutano wetu wa mwaka)

Ndugu Mwenyekiti, Mwalimu Mkuu, waalimu wetu wapenzi, kaka zetu mliotutangulia, wenzangu wa rika moja, na nyinyi wadogo zetu mnaosoma hapa sasa,

Kamati imenitaka nizungumze, kwa muda usiozidi nusu saa, juu ya safari ambayo baadhi yetu tumekusudia kuifanya, yaani kwenda kuuona mji wa kale wa Évora katika nchi ya Ureno. Naishukuru kamati kwa heshima hiyo. Mimi si mfanyabiashara wa utalii. Ni mtumishi wa umma, na mishahara ya watumishi wa umma nyote mnaijua. Lakini chuo kikuu nilisoma historia, na kwa muda sasa sisi watu watano tuliomaliza pamoja tumekuwa tukikutana kila mwezi kusoma habari za mji huo na kuweka akiba. Niliyo nayo leo ni matunda ya kusoma huko. Kufika bado hatujafika.

Kabla sijaingia katika habari za viza na nauli, yafaa nijibu swali. Mzee mmoja wa chama hiki, ambaye namheshimu sana, aliposikia habari zetu aliniuliza: "Wareno walikuja Kilwa wakaipora, wakaenda Mombasa wakaichoma, nanyi mnataka kuwapelekea fedha zenu ili mpige picha?" Sikumjibu siku ile, kwa kuwa swali la mzee halijibiwi kwa haraka. Nimeona nilijibu leo mbele yenu nyote, maana najua wapo wengine wanaowaza kama yeye.

SWALI LA MZEE

Kwanza, aliyoyasema mzee ni kweli. Vasco da Gama alipita pwani yetu mwaka 1498. Aliporudi mwaka 1502 alimlazimisha Amiri Ibrahimu wa Kilwa kutoa kodi ya dhahabu kwa mfalme wa Ureno. Mwaka 1505 Francisco de Almeida alikuja na merikebu nyingi, akaiteka Kilwa na kuipora, na mwezi uliofuata akaichoma Mombasa. Hakuna haja ya kuyapaka mambo hayo rangi.

Ile dhahabu ya Kilwa ilikwenda wapi? Mfalme Manuel wa Kwanza aliamuru itengenezwe chombo cha kanisani cha kuwekea hostia, na sonara wake Gil Vicente akaimaliza kazi hiyo mwaka 1506. Chombo hicho kipo mpaka leo. Kimewekwa katika Jumba la Makumbusho la Taifa la Sanaa za Kale mjini Lisbon, na watu kutoka pande zote za dunia hupanga mstari kukitazama. Sasa nami nauliza: je, ni vizuri watu wote wakitazame isipokuwa sisi tu?

Jibu langu kwa mzee, basi, ni hili. Hatuendi kuwapigia magoti, wala hatuendi kuwatukana. Tunakwenda kusoma. Sehemu kubwa ya habari za pwani yetu za karne ya 16 na ya 17 imeandikwa kwa Kireno. Hata historia ya wafalme wa Kilwa, mojawapo ya maandishi yanayotupatia majina yao ni kitabu cha Mreno João de Barros kilichotoka mwaka 1552. Mtu ambaye barua zake zimo mikononi mwa jirani hana budi siku moja kubisha hodi.

KWA NINI ÉVORA

Wengine wameuliza: kama ni kusoma, kwa nini tusiishie Lisbon? Kwa nini twende kilometa 130 bara, katika mji mdogo wa wakulima, katika jimbo la Alentejo lenye mashamba ya ngano, mizeituni na miti inayotoa magome ya vizibo?

Sababu yetu ni kwamba Évora unaonyesha mwanzo na mwisho wa habari moja inayotuhusu.

Mwanzo ni huu. Katika karne ya 15 na ya 16 wafalme wa Ureno walipenda kukaa Évora, na baraza lao lilikaa huko mara kwa mara. Husimuliwa na wenyeji kwamba bendera za merikebu za Vasco da Gama zilibarikiwa katika kanisa kuu la Évora mwaka 1497, kabla hajaanza safari iliyomfikisha Mombasa na Malindi. Gama mwenyewe aliishi Évora kwa miaka kadhaa baada ya safari zake za kwanza, na mtaa wenye jina lake upo karibu na kanisa hilo. Wanafunzi wakumbuke kwamba neno letu "bendera" ni la Kireno, sawa na meza, leso, karata, foronya, turufu na parafujo. Hata "gereza" asili yake ni neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Wanaotaka kujua jinsi kanisa lilivyogeuka gereza katika midomo yetu, wakaitazame Ngome ya Yesu ya Mombasa, iliyoanza kujengwa mwaka 1593.

Na mwisho ni huu. Kiasi cha kilometa 30 kutoka Évora kuna mji mdogo uitwao Alcáçovas. Karibu na mji huo, katika shamba liitwalo Monte do Sobral, tarehe 9 Septemba 1973, maofisa wa jeshi la Ureno zaidi ya 100 walikutana kwa siri. Manung'uniko yao ya kwanza yalihusu mambo ya kupandishwa vyeo. Lakini nyuma ya manung'uniko hayo vilikuwapo vita vya Angola, Guinea na Msumbiji, ambavyo walikuwa wamechoka kuvipigana na hawakuona vitakavyokwisha. Kutokana na mkutano ule kilizaliwa chama cha maofisa kilichoipindua serikali ya kidikteta tarehe 25 Aprili 1974. Mwaka mmoja na miezi miwili baadaye, tarehe 25 Juni 1975, Msumbiji ikawa huru.

Sasa ndugu zangu, ni nani waliowachosha maofisa wale? Kwa upande wa Msumbiji walikuwa ni vijana wa FRELIMO, chama kilichoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1962. Vijana wake walipata mafunzo Kongwa na Nachingwea, katika nchi yetu, wakila chakula cha wakulima wetu. Kwa hiyo mtu anayesimama Alcáçovas akitoka Tanzania hasimami mahali pa kigeni kabisa. Amesimama mahali ambapo jasho la wazazi wake lilizaa matunda, ingawa wenyewe hawakuwahi kupaona.

MJI WENYEWE

Évora ni mji wa tabaka juu ya tabaka. Warumi waliukalia, na hekalu lao la karne ya kwanza bado lipo, nguzo 14 za mawe zikiwa zimesimama katikati ya mji. Lililoliokoa hekalu hilo ni jambo la ajabu kidogo. Nafasi kati ya nguzo zilizibwa kwa kuta, likawa jengo kama majengo mengine, na mpaka karne ya 19 lilitumika kama machinjio. Jengo linalotumiwa na watu halibomolewi ovyo. Hilo ni fundisho kwetu tunaoacha majengo ya kale yakiota miti.

Baada ya Warumi na Wavisigothi walikuja Waislamu kutoka Afrika Kaskazini, wakautawala mji huo kuanzia karne ya 8 mpaka mwaka 1165, ulipotekwa na Mreno aliyeitwa Geraldo Asiyeogopa. Wao waliuita Yabura. Waliacha alama nyingi, pamoja na maneno. Mreno akitaka sukari husema "açúcar". Akitamani jambo litokee husema "oxalá", neno lililotokana na Kiarabu cha kumtaja Mwenyezi Mungu, kama sisi tusemavyo inshallah. Kwa hiyo Mreno na Mswahili walikuwa wamekwisha kunywa katika kisima kimoja kabla hawajaonana.

Kanisa kuu lilianza kujengwa mwaka 1186, na kazi iliendelea mpaka karne ya 14. Ndilo kanisa kuu kubwa kupita yote yaliyojengwa Ureno katika zama za kati. Hapa nawaomba wanafunzi waweke kalamu chini na kufikiri kidogo. Wakati mafundi wa Évora walipokuwa wakimalizia kanisa lao, mafundi wa Kilwa walikuwa wakijenga Husuni Kubwa kwa amri ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, na mwaka 1331 Ibn Battuta alifika Kilwa akausifu mji. Miji hiyo miwili ilikuwa marika. Tukiitembelea yote miwili tutajua kwa macho yetu kwamba Mreno hakumkuta mtu asiyejua kujenga.

Chuo kikuu cha Évora kilifunguliwa mwaka 1559 chini ya mapadri wa Shirika la Yesu, kikafungwa mwaka 1759 shirika hilo lilipofukuzwa, na masomo ya juu yakaanza tena mwaka 1973. Kuta za madarasa ya zamani zimepambwa kwa vigae vilivyochorwa picha, na picha za kila darasa zinahusu somo lililofundishwa humo. Mwalimu Mkuu nadhani amenisikia.

Lipo pia kanisa dogo katika jengo la Mtakatifu Fransisko, ambalo kuta na nguzo zake zimefunikwa kwa mifupa ya watu wapatao 5,000 iliyotolewa makaburini. Maandishi ya juu ya mlango yanamwambia mgeni kwamba mifupa iliyomo inaingojea ya kwake. Wenzangu wawili wamekwisha kusema wao watabaki nje wakilinda mizigo.

Upo mfereji wa maji uliojengwa kati ya mwaka 1531 na 1537, wenye urefu wa kilometa 18 hivi. Matao yake yanapoingia mjini, watu wamejenga nyumba chini yake na wanaishi humo. Na upo uwanja mkubwa wa katikati, uitwao kwa jina la yule Geraldo, wenye chemchemi ya marumaru ya mwaka 1571. Uwanja huo ni mzuri, lakini umeona mabaya. Hapo mwaka 1483 mfalme alimkata kichwa mtemi mkuu wa ukoo wa Braganza. Baadaye, Baraza la Kuhukumu Imani lilipowekwa Évora mwaka 1536, watu walihukumiwa hapo na kuchomwa moto.

Wala tusisahau watu wetu. Mwalimu mmoja kutoka Flanders, Nicolas Clenardus, aliyekaa Évora katika miaka ya 1530, aliandika kwa mshangao kwamba watumwa walikuwa wamejaa kila mahali, na kazi zote zilifanywa nao. Wengi wao walikuwa Waafrika, hasa wa Afrika Magharibi. Hakuna nguzo yenye majina yao kama zile za Warumi. Tutakapokuwa tunatembea juu ya mawe ya mitaa ile, tukumbuke ni nani waliobeba maji kabla ya mfereji kwisha.

Jambo la mwisho kuhusu mji, na kwangu mimi ndilo kubwa kuliko yote, ni kitabu. Padri João dos Santos, mzaliwa wa Évora, aliondoka kwao mwaka 1586 akaishi miaka mingi Sofala na katika visiwa vya Kirimba. Alipokuwa amerudi kwao aliandika kitabu kikubwa kiitwacho Ethiopia Oriental, kikapigwa chapa hapo hapo Évora mwaka 1609. Ndani yake mna habari za watu wa pwani, vyakula vyao, biashara yao, wanyama wao, na jinsi Wazimba walivyoivamia Kilwa na kufika Mombasa. Yapasa kisomwe kwa tahadhari, kwa kuwa mwandishi alikuwa wa upande mmoja na aliwaona wenyeji kwa macho ya upande huo. Lakini ni nani atakayemsahihisha kama hakuna kati yetu awezaye kumsoma?

MAANDALIZI

Sasa nakuja kwenye mambo ya kutia mkononi.

Wakati. Tumechagua mwezi wa Aprili. Wakati wa kiangazi jua la Alentejo ni kali sana, na joto hupita nyuzi 35 mara nyingi. Majira ya kuchipua ni ya kupendeza na mashamba huwa na maua. Tena tarehe 25 Aprili ni sikukuu yao ya uhuru wa kisiasa, na tunataka tuwe Évora siku hiyo. Anayepanga kama sisi aulize mapema, kwa kuwa siku ya sikukuu baadhi ya majumba ya makumbusho huenda yakafungwa. Siku hiyo iwe ya kuwa barabarani pamoja na watu.

Viza. Ureno imo katika nchi za Schengen. Viza ya muda mfupi hairuhusu kukaa zaidi ya siku 90. Maombi hayapokelewi mapema kuliko miezi 6 kabla ya safari, na hayapaswi kuchelewa kuliko siku 15. Mimi nasema asiyepeleka maombi miezi 3 kabla anajitafutia presha. Paspoti iwe hai kwa miezi 3 zaidi ya siku ya kuondoka huko, na isiwe imetolewa zaidi ya miaka 10 iliyopita. Bima ya safari iwe ya kiasi kisichopungua euro 30,000. Wataka pia barua ya mwajiri, taarifa ya benki na mahali pa kulala. Benki yako ionyeshe akiba iliyokua kidogo kidogo. Fedha iliyoingia yote jana kwa kuazima huwatia shaka wakaguzi.

Fedha. Sisi tuliweka akiba kila mwezi katika akaunti moja yenye watia sahihi watatu. Hakuna kati yetu aliyeuza kiwanja wala aliyegusa ada ya mtoto. Safari inayoacha mtoto nyumbani amerudishwa shule si safari ya kujifunza.

Njia. Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Dar es Salaam hadi Lisbon. Lazima ubadilishe njiani. Tutalala Lisbon siku mbili, moja ikiwa ya kupumzika na nyingine ya kuiona dhahabu ya Kilwa. Kisha tutapanda gari moshi au basi kwenda Évora, mwendo wa saa moja na nusu hivi. Huko tutakaa siku nne. Ndani ya ukuta wa mji karibu kila kitu hufikiwa kwa miguu, na mitaa imetandikwa mawe, basi viatu viwe vya kutembelea, si vya harusi. Siku moja tutakodi gari twende Alcáçovas, na njiani twende Almendres kuyaona mawe zaidi ya 90 yaliyosimamishwa na watu maelfu ya miaka kabla ya Warumi.

Chakula. Ndugu zetu Waislamu wajue kwamba nyama ya nguruwe hutumika sana katika jimbo hilo, hata ndani ya vyakula ambavyo hukuidhania, na yafaa kuuliza kabla ya kuagiza. Samaki wapo, na kuna chakula cha wakulima kiitwacho açorda, cha mkate, vitunguu saumu, majani ya giligilani, mafuta ya zeituni, maji ya moto na yai.

MAOMBI YANGU MATATU

Ndugu Mwenyekiti, namalizia kwa maombi matatu.

La kwanza, kila atakayejiunga nasi aende Kilwa Kisiwani kwanza. Sisi watano tumepatana hivyo, na mwezi wa Agosti tunashuka Kilwa. Magofu yale yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981, miaka mitano kabla ya Évora kuingizwa, na nauli yake ni ya basi. Mtu akikuuliza huko Ureno habari za Kilwa, nawe umeisoma kitabuni tu, utajibu nini?

La pili naliomba kwa chama. Badala ya kununua kikombe kingine cha mashindano mwaka huu, tuinunulie maktaba ya shule hii kamusi ya Kireno na vitabu vya kuanzia vya lugha hiyo. Sisi watano tutachanga sehemu yetu.

La tatu ni kwenu, wadogo zangu. Kireno ni lugha ya jirani zetu wa ng'ambo ya Ruvuma, na ni mojawapo ya lugha rasmi za SADC, ambako Kiswahili nacho kilikubaliwa mwaka 2019. Hata kwa kutafuta kazi tu kinafaa. Lakini mimi nawaomba kwa sababu nyingine. Natamani mmoja wenu akisome mpaka aweze kukifungua kitabu cha yule padri wa Évora, atuambie kwa Kiswahili alichosema juu ya babu zetu, na alipokosea amsahihishe. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kazi hiyo haiwezi kufanywa na sisi wenye mvi zinazoanza. Itafanywa na aliyeketi leo kwenye viti vya nyuma, pengine anayesinzia.

Na kwa yule mzee wangu, naahidi mbele ya mkutano huu kwamba tukirudi salama nitakuja kwake na taarifa iliyoandikwa, kabla sijawaonyesha watu picha hata moja. Akiona hatukujifunza kitu, atuambie mbele yenu katika mkutano utakaofuata.

Wanaotaka kujiunga na kundi la pili waandikishe majina kwa Katibu kabla ya kuondoka leo.